Siku Mto Skutik Ulipotoa Ushahidi

Asubuhi ile Malian alikuwa amepiga magoti nje ya banda lake la kukaushia samaki, akiwasugua mikunga kwa jivu ili utelezi uwatoke. Maji yalikuwa yametoka tangu alfajiri. Matope yalibaki wazi hadi ng'ambo, na mtumbwi wake wa gome ulikuwa umelala ubavu. Pwani ile maji hutoka mbali na kurudi kwa kasi, na kila mtu anazijua saa zake, kwa hiyo hakushughulika. Alipommaliza mkunga wa mwisho akainua macho, akaona matope ni yale yale. Akasema moyoni kwamba leo maji yamechelewa, akaanza kuwapanga samaki juu ya fito.

Ndipo akamwona ndugu yake Sapatis akija kwa miguu kutoka ng'ambo, katikati ya mto, viatu mkononi.

"Dada, unaitwa mjini," alisema.

"Na nani?"

"Na tume. Mto umekwenda kwenye tume. Umekaa kwenye benchi la mashahidi tangu asubuhi, unaongea, na hakuna anayeambulia neno."

Malian akapangusa jivu mikononi. "Nani aliupeleka?"

"Umekwenda wenyewe. Kiangazi kizima wamekuwa wakitupa kamba zao mle ndani, wakipima kina. Nadhani umechoka kutekenywa."

"Na mimi naitwa kwa nini? Wewe si unakijua Kiingereza?"

"Nakijua cha kuuza ngozi," alisema Sapatis. "Halafu mto unaongea lugha yetu, tena kama marehemu mama. Nikijibu unaniambia niketi vizuri."

Jambo la tume lilikuwa hivi. Vita vya Wamarekani na Mfalme vilipokwisha, mabwana wa pande zote mbili walikaa mezani ng'ambo ya bahari, wakaandika kwamba mpaka utafuata Mto wa Msalaba Mtakatifu. Katika waliokaa pale hakuna aliyewahi kuuona. Kwenye ramani yao ulikuwa mmoja. Walipokuja watu kuutafuta, wakakuta mito miwili, na hakuna hata mmoja ulioitikia jina hilo. Jamhuri ya Wamarekani ikasema mto wenyewe ni ule wa mashariki. Watu wa Mfalme wakasema ni huu wa magharibi, Skutik. Kila mmoja aliuchagua ule utakaompa nchi kubwa zaidi. Ndipo ikaundwa tume ya watu watatu: mmoja wa Jamhuri, mmoja wa Mfalme, na mwenyekiti waliyemchagua kwa pamoja ili wasije wakashindwa kuamua.

Malian hakuwa na haja na mipaka. Alikuwa na haja na rasi. Banda lake lilikuwa kwenye rasi iliyochomoza mtoni upande wa magharibi, na nyuma ya banda alilala mumewe Lola, pamoja na watoto wao wawili na mama yake. Lola alikufa wakati wa vita, akiwabebea Wamarekani habari zao kwa mtumbwi katikati ya barafu. Siku ya mazishi kanali mmoja alimshika Malian mkono akamwambia kwamba rasi hii ni yenu, na Jamhuri haitasahau. Kanali alikwisha kufa, na Jamhuri ilikuwa imepata mambo mengi ya kufanya. Msimu uliopita wapimaji walikuja wakapigilia vigingi vyenye vitambaa vyekundu kwenye rasi. Malian aliving'oa akapikia. Wakaja wakapigilia vingine.

Akavaa kofia yake ya ncha yenye shanga, akavuka mto kwa miguu. Palikuwa na mambo ya kuangalia huko chini: nanga yenye kutu, mitego ya watu waliokwisha hama, na sufuria ya shaba ambayo bado ilikuwa nzima. Sufuria akaichukua.

Tume ilikaa kwenye ukumbi wa nyumba ya wageni ya mjane mmoja, Bi Prudence. Malian alimkuta mlangoni na tambara na ndoo.

"Umekuja kwa wakati," alisema Bi Prudence. "Hebu mwambie shahidi ajisogeze upande ule. Nimepangusa mara ngapi sijui, na mbao zangu ni mpya."

Mto ulikuwa umekaa kwenye benchi, wima, kimo cha mtu aliyeketi, na rangi ile ya kahawia unayokuwa nayo majira ya majani kuanguka. Samaki walikuwa wakipita ndani yake mmoja mmoja, wakifika upande wa dirisha wanageuka. Ulikuwa umeletewa chai. Ulikuwa umeikubali, na kikombe kilionekana kikizunguka polepole karibu na sakafu.

Malian akausogelea. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe ni wa nani?"

"Wa Ansele, wa rasini."

"Ansele aliyekuwa akiniimbia akitega? Sauti yake ilikuwa mbaya."

"Ndiye mama yangu."

"Basi kaa karibu. Hawa wengine wanapiga kelele, wanadhani mimi kiziwi."

Kwenye meza moja walikaa mawakili wawili. Eliphalet Thorne alikuwa wa Jamhuri, na Gideon Ashcombe alikuwa wa Mfalme. Walisoma chuo kimoja, wakalala chumba kimoja, kisha vita vikamtupa Ashcombe upande huu bila nyumba wala shamba.

"Umenenepa, Gideon," Thorne alikuwa akisema. "Mfalme anakulisha."

"Na wewe koti ni lile lile la chuoni. Nchi nzima mmeichukua, hamkubakisha hata fundi wa nguo?"

"Fundi tunaye. Tunangoja mlipe mliyochoma."

Mwenyekiti akagonga meza. Akamwuliza Malian kama yuko tayari kufasiri. Malian akasema yuko tayari, ila ana swali lake moja, nalo aulizwe shahidi kama yale mengine: rasi ni ya nani. Thorne akamtazama Ashcombe. Ashcombe akatazama kucha zake.

"Litaulizwa mwishoni," alisema mwenyekiti.

"Na jibu liandikwe."

"Mwishoni, mama. Tuanze."

Mto uliapishwa kwanza. Uliweka sehemu yake moja juu ya Biblia, na Biblia ikabidi ipelekwe karibu na moto, ifunguliwe katikati ili ikauke. Karani akataka kujua umri wa shahidi. Malian akauliza, akasikiliza muda mrefu, akamwambia aandike mtu mzima.

Ashcombe ndiye aliyeanza. "Aulizwe kama aliwahi kuitwa kwa jina la Msalaba."

"Kulikuwa na Wafaransa," mto ulisema, na Malian akafasiri. "Walikuja zamani, wakakaa kwenye kile kisiwa changu kidogo. Nikawaambia hapo baridi itawaua. Hawakuelewa. Meno yakawa yanawatoka, wanayatema kwangu. Walipokuwa bado na nguvu walisimamisha mti, wakakingamisha mwingine juu yake, wakaniita hivyo."

"Na ukaitika?"

"Niitike nini? Waliokuwa wakiita walikuwa wagonjwa. Niliwaacha waite."

Ashcombe akakaa, uso umemng'aa. Thorne akasimama.

"Aulizwe kama ule mto wa mashariki nao haukuwahi kuitwa hivyo."

"Yule binamu yangu?" mto ulisema. "Yule hata Wafaransa hawakumtaka. Ana mawe tupu."

"Shahidi ana ugomvi na mto wa mashariki," alisema Thorne. "Naomba iandikwe."

"Sina ugomvi naye. Ana mawe. Nenda ukaone."

Wakaendelea hivyo. Wakauliza mkondo wake mkuu ni upi, na chanzo chake kiko wapi, na kama amewahi kuhama. Mto ulijibu kila kitu, mara nyingine ukikasirika, mara nyingine ukisahau swali na kuanza kusimulia habari za barafu. Malian aliurudisha kwa upole, kama anavyorudishwa mzee. Koo lilimkauka. Wakampa maji, na mto ukauliza yametoka wapi.

Mwishowe mwenyekiti akatazama karatasi zake, akasema wamepata walichohitaji.

"Bado swali langu," alisema Malian.

Mwenyekiti akatikisa kichwa kukubali, akatoa saa yake mfukoni.

Malian akaugeukia mto. Hakuharakisha. "Bibi, ile rasi ya upande wa magharibi, penye banda langu. Ni ya nani?"

Mto ukanyoosha mgongo. Ukaanza kutaja watu. Ulimtaja Ansele na mama wa Ansele. Ulitaja waliotega hapo na waliozalia hapo, na waliokuja kufa hapo baada ya kwenda mbali. Uliwataja kwa majina yao ya ubatizo, na walipokwisha hao, kwa majina ya kabla ya mapadri kuja. Kila mmoja ulimsema alivyokuwa, yule mvivu, yule mwenye mguu mfupi, yule aliyependa kulia juu ya maji. Malian alifasiri wote. Ulipomtaja Lola ulisema alikuwa mzito kwa kasia lakini hakuwahi kumwacha mtu ng'ambo. Hilo nalo Malian alilifasiri, kwa sauti ile ile.

Karani aliandika kwa muda. Kisha akamtazama mwenyekiti, na mwenyekiti akafanya ishara ndogo kwa kidole. Karani akaweka kalamu chini. Malian aliona. Akaendelea kufasiri, na mto ukaendelea kutaja, mpaka Bi Prudence akaingia kusema samaki wa chumvi na viazi viko mezani na vinapoa.

Mabwana wakaenda kula. Waliporudi, mwenyekiti akasoma uamuzi wake. Mto umepatikana. Ndio Skutik, na mpaka utapita katikati yake, mashariki ya Mfalme, magharibi ya Jamhuri. Tume inamshukuru shahidi, na inamwomba arudi mahali pake asihamehame tena, kwa maana sasa yeye ni mpaka wa nchi mbili.

"Na rasi?" aliuliza Malian.

"Tulitumwa kutafuta mto, mama," alisema mwenyekiti. "Rasi si mto."

Ashcombe akapeana mkono na Thorne. Thorne hakuonekana kuumia sana. Malian alimfuata mlangoni, penye kofia za wageni.

"Bwana wakili, rasi imeangukia upande wenu."

"Najua, mama. Nitalishughulikia mwenyewe. Nakuahidi."

"Kanali naye aliahidi."

"Kanali alikuwa mtu mwema."

"Alikuwa. Na wewe je?"

Thorne akaanza kutafuta kofia yake. Ilikuwa kwenye msumari wa kwanza, lakini alizitazama zote.

Mto ulirudi mchana. Mitumbwi ikainuka, na wavuvi wawili wakalalamika kwamba siku yao imepotea bure. Malian alivushwa na Sapatis, sufuria mapajani.

Theluji ilipoyeyuka alikuja Kapteni Barnabas Tilden, aliyepigania Jamhuri na kupewa rasi kuwa shukrani. Alikuja na plau na kondoo, akapiga uzio kutoka maji hadi maji. Hakuwa mtu mkali. Alimpa Malian nafasi ya kubomoa banda lake kwa utaratibu, akamsaidia kubeba fito. Malian akalijenga juu zaidi, kwenye mawe, mahali ambapo upepo unaurudisha moshi ndani. Makaburi yalibaki upande wa ndani wa uzio. Mwaka wa kwanza kapteni alilima akiyazunguka.

Mto nao ukaanza kupanda. Haukungoja saa za maji. Jua likielekea kushuka ulitoka mahali pake, ukapita chini ya uzio, ukakaa kwenye rasi katikati ya kondoo, pale banda lilipokuwa. Boti za forodha zilikaa matopeni zikingoja mpaka urudi. Kapteni alivumilia. Viazi vilipoanza kuoza ardhini, akamwita Malian.

"Wewe ndiye unayeongea naye," alisema. "Mwambie hapa ni shamba. Sitaki ugomvi. Nitakupa gunia la viazi, vile vilivyopona."

Malian akapita getini, akaenda akachuchumaa mbele ya mto. Kondoo wakasogea kidogo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mbona siku hizi siusikii moshi wako?"

"Nimehama. Huyu bwana anakuomba uondoke. Anasema shamba ni lake."

"Lake tangu lini?"

"Tangu ulipotoa ushahidi."

Ndani ya mto mkunga mmoja alikuja mpaka kwenye ukingo wake, akageuka, akarudi ndani.

"Mimi nilisema jina langu tu," ulisema.

"Ndiyo, Bibi. Hawakutaka kingine."

"Niliwataja wote. Nilimtaja mpaka mume wako."

"Uliwataja. Yule karani alikuwa amekwisha kuweka kalamu chini."

"Mbona hukuniambia ninyamaze?"

Malian alifikiri. "Nilitaka niwasikie," alisema.

Mto ukainuka. Uliteremka taratibu, ukiviepuka viazi vilivyobaki, ukapita chini ya uzio ukarudi mahali pake, na mpaka wa nchi mbili ukawa umekamilika. Boti za forodha zikaelea.

"Amesemaje?" aliuliza kapteni.

"Amesema amesikia."

Kapteni akafurahi. Akalijaza gunia mwenyewe, akachagua vizuri, akalifunga kwa kamba. Akamwambia kwamba akitaka kuyaona makaburi wakati wowote asione haya, apige hodi tu getini. Malian akamwuliza kama anaweza kwenda sasa hivi, maadamu yuko ndani. Kapteni akawatazama kondoo wake, waliokuwa wametulia kwa mara ya kwanza wiki ile, wamelala juu ya vilima vile vidogo penye ukavu.

"Labda kesho," alisema. "Leo wameshtushwa sana."

Akamfungulia geti. Malian akajitwika gunia mgongoni, akaufuata uzio kwa nje mpaka ulipoingia majini, akavua viatu, akauzunguka hadi upande wa makaburi.