Kiti cha Sauti ya Kwanza

Mpiga kengele wa kanisa alikuwa na masikio mazito, na kwa miaka mingi hakuna aliyeng'amua, maana mkewe ndiye aliyekuwa masikio yake. Mama huyo aliimba kwaya, sauti ya kwanza, kiti cha pembeni. Kila Pasaka, Wimbo wa Utukufu ulipoanza, aliinua leso kama anayejifuta jasho, na mumewe, kule nyuma chini ya mnara, akavuta kamba. Watu wakamsifu kwamba hakosei.

Mwaka mmoja mkewe alifariki Kwaresima ikiwa katikati.

Jumapili za kawaida hazikumpa shida, kwani kengele hupigwa kabla ya ibada na yeye huangalia saa tu. Pasaka ni habari nyingine. Tangu Alhamisi Kuu kengele hunyamaza kwa siku za mateso na kaburi, na hailii tena mpaka Utukufu uimbwe, Jumapili alfajiri, Bwana amefufuka.

Jumamosi mwalimu wa kwaya, kwa kumhurumia msiba, alimfuata na kusema naye uso kwa uso. "Mzee, tukuwekee mtu wa kukusaidia kesho?"

"Kunisaidia nini? Kamba ni ileile."

Hakutaka aonekane amekwisha. Lakini usiku ule usingizi ulimpaa.

Alfajiri kanisa lilijaa mishumaa. Wanakwaya walikuwa wamekiacha kile kiti wazi kwa heshima ya marehemu, na macho ya mzee yakaganda hapo hapo. Alijua vizuri kwamba angepaswa kumtazama mwalimu, mikono yake, midomo ya waimbaji, chochote kile. Macho yalikataa kubanduka.

Utukufu ukaanza. Ubeti wa kwanza ukaisha, wa pili ukaingia, kengele kimya. Watu wakaanza kugeuza shingo. Padri akakohoa. Mzee alisimama tu, kamba mkononi, anangoja leso.

Ndipo akahisi mkono begani. Alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, ambaye hawakuwa wamesemezana naye tangu mazishi. Alikuwa ametoka kwenye benchi lake mbele ya macho ya watu wote.

"Shemeji," alimwambia karibu na sikio, "piga. Wameshaanza."

Mzee alivuta kamba kwa nguvu zote. Aliisikia kengele kifuani zaidi kuliko masikioni, na machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa.

Baada ya ibada, watu wakipeana heri uani, shemeji alimngojea mlangoni.

"Ulijuaje?" mzee aliuliza.

"Dada aliniambia zamani," alisema akimwinamia sikioni. " Nami asubuhi hii nilikuwa nakitazama kile kiti, nikasahau hata kuimba. Nilipogeuka nikakuona nawe unakitazama." Kisha akamwambia, "Njoo ule kwetu leo."

Alikwenda. Walimketisha mahali pazuri na kumjazia sahani mpaka ikafurika. Wajukuu walipiga kelele, watu wazima wakataniana, na wenzake walipocheka, naye alicheka, ingawa hakushika hata neno moja. Mkewe angemrudishia kila kichekesho polepole, sikioni, mpaka akielewe.

Jua likiwa bado juu aliaga. Shemeji alimsindikiza hadi njiani, akamwambia jambo ambalo hakulishika. Mzee alitikisa kichwa kukubali, akaona haya kumwomba arudie, kisha akashika njia ya nyumbani.