Magadi ya Damu

Siri ya Sinyati ilikuwa moja, na aliyeijua ni Aika peke yake: akiongoza mbio za mita mia nane tangu mwanzo, akifika kwenye nguzo ya bendera mzunguko wa pili, miguu humfia. Kocha Eliud, bila kuijua siri hiyo, alikuwa amewaeleza wakimbiaji wote kwa nini miguu hufa. Misuli ikikimbizwa sana hutoa asidi. Damu nayo ina magadi yake, kama yale ya kwenye makande, yanayoimeza asidi na kuigeuza hewa, mapafu yakaitoa nje. Ndiyo maana mkimbiaji huhema vile. Lakini magadi yana kiasi chake, na asidi haina adabu.

Basi wasichana hao, waliokaa chumba kimoja mtaa wa Sekei na kula sufuria moja, wakapatana. Nafasi ya kambi ya taifa ilikuwa moja tu. Sinyati angeongoza mzunguko wa kwanza, Aika angempokea wa pili, ili asiwepo wa kukata upepo peke yake. Mita mia za mwisho, kila mtu na Mungu wake.

Jumamosi, siku ya mbio za mchujo, Sinyati akaongoza. Kengele ikalia, akasogea kidogo nje kumpa Aika njia. Aika hakupita. Sinyati akamsikia nyuma yake, pumzi zimetulia, pumzi za mtu aliyebebwa. Akapunguza mwendo, Aika naye akapunguza, na kundi likaanza kuwakaribia. Ikabidi aendelee kuvuta, mjinga wa watu, anahema mpaka kifua kinauma, damu yake ikimpigania kwa uaminifu ambao rafiki hakuwa nao.

Kwenye nguzo ya bendera miguu ikawa mizito kama mawe. Hapo hapo Aika akampita, akamaliza wa kwanza.

Kocha alimsifu Aika kwa subira yake. Sinyati alikuwa bado ameinama, ameshika magoti, Aika alipomjia.

“Twende tupoze miguu, dada.”

“Tulipatana nini, Aika?”

Aika akatazama viatu vyake. “Nguzo ulinionyesha mwenyewe.”

Kila baada ya mbio walizoea kuzunguka uwanja polepole, bega kwa bega, damu ipate kuisafisha asidi miguuni. Sinyati hakuwahi kukosa. Leo aliketi kwenye nyasi, akanyoosha miguu inayowaka, akaiacha iwake. Aika akaondoka peke yake. Alipofika kwenye nguzo akageuka, kwa mazoea tu, kuangalia kama mwenzake anakuja.