Hatua za Mtu wa Reli

Kwa miaka thelathini na mmoja nilitembea kwa miguu juu ya reli, kutoka Kalemie kuelekea Nyunzu na kurudi, nikitafuta misumari iliyolegea. Mtu wa kazi hiyo hatembei anavyotaka. Anakanyaga mataruma, zile mbao zilizolazwa chini ya reli, na mataruma ndiyo yanayompangia hatua. Hesabu yake naijua kama jina langu: mataruma mia na hamsini ni mita mia moja. Niliijua hata kabla ya kwenda shule ya jioni, ambako niliingia nikiwa na miaka arobaini na miwili. Huko nilijifunza Kifaransa, hesabu na kusoma ramani, nikiwa nimekaa benchi moja na watoto wa jirani zangu. Sikuona haya. Cheti changu kimetundikwa sebuleni mpaka leo, na kioo chake nakipangusa mwenyewe.

Kwa hiyo mjukuu wangu Syntiche aliponijia kuhusu mambo ya ramani, niliona amegonga mlango unaofaa.

Syntiche ni mwalimu wa darasa la tatu. Mwaka jana aliingia katika mbio za ramani zinazoandaliwa na kilabu kimoja cha vijana hapa mjini Kalemie. Mbio hizo hazina njia iliyochorwa. Timu ya watu watatu inapewa ramani na dira, inatafuta vituo kumi na viwili vilivyofichwa vilimani na vichakani, na kwenye kila kituo, palipofungwa kitambaa na koleo, inatoboa kadi yake kwa koleo hilo, kama kontrolea wa treni anavyotoboa tiketi. Muda ni saa sita. Timu ya Syntiche ilipotea nyuma ya vilima ikatafutwa kwa pikipiki. Kwenye orodha, mbele ya jina lake, waliandika: HAKUFIKA. Tangu siku hiyo Blanchard, kijana wa mtaani kwetu ambaye timu yake ilishinda, hamwiti tena Mwalimu. Anamwita Mama Hakufika, na watoto wa darasa lake wameshalisikia jina hilo.

"Nkambo," aliniambia, kwa maana ndivyo wajukuu wangu wanavyoniita, "mwaka huu wameweka sheria ya mupya. Kila timu iwe na muntu mumoja wa miaka makumi sita na kupita. Wanasema sisi vijana tunakimbia tu, njia hatujui. Na saa inasimama pale muntu wa mwisho anafika. Mimi sitaki kushinda. Nataka nifike."

"Umekuja kuniomba, ama umekuja kuniambia?"

"Nimekuja kukuomba, Nkambo."

Mke wangu Thérèse alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Hakuinua macho. "Muchukue," alisema. "Huyu hata kanisani anataka amuonyeshe padiri njia."

Mtu wetu wa tatu aliitwa Rubens, mfyatua matofali. Wakati wa vita alitoka Nyunzu kwa miguu na mama yake, wakafikia Katanika, nje kidogo ya mji wetu, pamoja na wakimbizi wengine, na huko ndiko anakoishi mpaka sasa. Syntiche alimuuliza kama amewahi kushindana mbio.

"Mwalimu, kukimbia nilishakimbia," alijibu. "Kutoka kwetu mpaka hapa, na mama mugongoni nusu ya njia. Sasa nataka nikimbie bila muntu kunifuata."

Tulikuwa na wiki moja. Tulianza Jumapili baada ya misa, kwa mwendo wa polepole kwenye barabara ya Katanika. Nilivaa viatu vyangu vya kazi. Rubens alivitazama mpaka akashindwa kunyamaza.

"Papa Évariste, hizi viatu njo za kukimbia ama za kuchimba madini?"

"Hizi viatu zimefika Nyunzu mara nyingi kuliko wewe."

"Mimi sikufikaka kule, Papa. Mimi nilizaliwa kule."

Hapo alinishinda.

Jumatatu niliwafundisha dira. Jumanne tulikimbia kando ya ziwa, pale maji yalipopanda yakala njia ya zamani, tukapita kati ya kuta za nyumba zilizosimama majini bila wenyewe. Rubens alikimbia kama mtu anayebeba tofali ambalo halipo, mabega mbele. Syntiche alikuwa mwepesi lakini kila mara aligeuka kunitazama, na nilimkataza. Jumatano mvua ilinyesha na magoti yangu yalikuwa mawe. Thérèse aliyakanda kwa mawese, akiyasema kama watoto wakaidi.

Alhamisi niliwapa kitu chenyewe: kuhesabu hatua. Unatia maharage katika mfuko wa kulia. Kila hatua mia, harage moja linahamia mfuko wa kushoto. Maharage yakifika tisa umetembea hatua mia tisa, na hatua mia tisa ni mita mia sita, kwa sababu mia na hamsini ni mita mia. Nilieleza mara mbili. Syntiche alitembea nyuma yangu na daftari, midomo ikicheza.

Ijumaa alimwomba Rubens kamba yake ya kunyooshea matofali, wakaipima mita hamsini kwenye majani ya kilima. Akaniomba nipande na kushuka kando yake, mara nne.

"Tembea tu kama kawaida, Nkambo."

Nilifurahi. Niliona anataka kuiga mwendo wangu, nikatembea kifua mbele. Alipomaliza kuandika aliangalia alichoandika, akafungua kinywa, kisha akafunga daftari.

"Iko nini?"

"Hakuna kitu, Nkambo. Unatembea muzuri."

Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tulisimama kwenye uwanja wa mpira pamoja na timu nyingine kumi na tatu. Blanchard alikuwa na mzee wake pia, mjomba wake Papa Edmond, fundi cherehani mwenye tumbo la heshima.

"Mama Hakufika!" Blanchard alipaza sauti. "Leo umeleta na nkambo, ili mupotee familia muzima?"

"Kijana," nilimwambia, "kimbia. Maneno yanamaliza pumzi."

Filimbi ikalia. Vijana waliondoka kama mbuzi waliofunguliwa. Sisi tulikaa chini kwanza, tukasoma ramani, watu wakatucheka. Lakini kituo cha kwanza tulikikuta kabla ya nusu yao, na vile saba vya mwanzo tulivitoboa bila kupoteza hata kimoja. Vingi vilikuwa kwenye makutano ya njia au kando ya kijito, na macho yalitosha. Nilianza kuzungumza sana. Nilimweleza Rubens jinsi shule ya jioni ilivyokuwa.

Kituo cha nane kilitaka hatua. Ramani ilionyesha kona ya reli, na kutoka hapo mita mia sita kaskazini-magharibi, kupanda, kichuguu kikubwa. Nilisimama juu ya reli kama mtu aliye kwenye uwanja wake. Nikaelekeza dira. Nikaanza. Harage la tisa lilipoingia mfuko wa kushoto, mbele yangu kulikuwa na kichuguu.

"Njo hii," nilisema.

Tulikizunguka. Hakuna kitambaa, hakuna koleo. Kulikuwa na kichuguu kingine upande wa kulia, na vingine viwili chini yake. Tulivizunguka vyote.

"Waliochora ramani wamekosea," nilisema.

Dakika kumi na tano zikapita. Rubens alisema pengine mtu amechukua kitambaa akamshonea mtoto nguo. Dakika ishirini na tano. Nilirudia kwamba ramani imekosea, kwa sauti kubwa zaidi, na timu moja ikatupita mbali kidogo, juu yetu, bila hata kusimama. Dakika thelathini na tano. Syntiche alikuwa ameketi juu ya jiwe, ameshika daftari kwa mikono miwili, na alikuwa na uso ule ule wa Ijumaa.

Nikauelewa uso huo.

"Syntiche. Jana uliandika nini?"

"Nkambo..."

"Nakuuliza kama muntu wa timu. Nkambo wako amebaki nyumbani."

Alifungua daftari. "Kwenye majani, kupanda: hatua mia na makumi kenda kwa mita mia. Mara zote karibu sawa."

Nilipiga hesabu kichwani, kwa sababu hesabu haijanitoka. Mia tisa kwa mia na tisini. Mita mia nne na sabini na kitu. Tulikuwa tumesimama mita mia na ishirini na zaidi kabla ya mahali penyewe, na dakika thelathini na tano nilikuwa nimezila mimi.

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa unafurahi sana. Na wewe njo ulinifundisha kuhesabu."

Rubens aligeuka akatazama kilima cha mbali, kama mgeni anayesikia maneno ya ndani ya nyumba.

Katika maisha yangu nimewaambia wakubwa wa kazi kwamba nimekosea, na padiri nimemwambia. Kwa mtoto niliyemfundisha herufi sikuwahi kulisema neno hilo.

"Ramani iko sawa," nilisema. "Mimi njo nimekosea. Kule kwenye reli taruma linakushikia hatua, kijana na mzee wanakanyaga sawa. Hapa hakuna taruma. Kuna magoti yangu tu."

Rubens aligeuka. "Papa, treni imeanguka?"

"Imeanguka. Tuinyanyue."

Maharage mawili na hatua arobaini. Kitambaa kilikuwa nyuma ya kichuguu, kimefungwa chini kabisa, na koleo likining'inia.

Kuanzia hapo Syntiche alihesabu kwa hatua zake mwenyewe, mimi nikashika dira, na sikuzungumza juu ya shule. Cha tisa. Cha kumi. Karibu na cha kumi na moja tulimkuta Papa Edmond ameketi mbele ya nyumba ya rafiki yake, sahani ya ndagala za kukaanga, wale dagaa wa ziwani, mapajani.

"Vijana wakimbie!" alituambia. "Mimi nitafika."

Kituo cha mwisho kilikuwa nyuma ya mlima, na dakika zilizobaki zilikuwa ishirini na mbili. Kwenye kupanda, magoti yalikataa. Kubebwa hakuruhusiwi. Rubens alitoa kamba yake ya matofali mfukoni, akaikunja mara nne, akanitazama kiunoni. Nilijua mji mzima ungeniona nikishuka nimefungwa kiunoni kama mbuzi wa sikukuu.

"Funga," nilisema.

Alivuta, Syntiche akanishika kiwiko, tukapanda, tukatoboa, tukashuka. Uwanjani watu walicheka kweli, na wanawake wengine wakapiga vigelegele. Mtu wa mwisho alikuwa mimi. Nilipovuka mstari saa ya meza ya waandaaji ilionyesha saa sita na dakika ishirini na sita. Zilikuwa zimebaki dakika nne. Tulikuwa wa tisa. Kijana wa meza alihesabu matobo kumi na mawili kwenye kadi, akaandika majina yetu matatu, na mbele ya kila jina: AMEFIKA. Syntiche alisoma mstari wake, kisha akausoma tena.

Blanchard alikuwa ameketi ukutani tangu saa tano, jasho limeshakauka. Aliitazama ile saa, akaitazama barabara, akashuka, akaja kwetu.

"Mwalimu," alisema polepole, "hamukumuona mujomba wangu kule njiani?"

Syntiche alikuwa anafungua fundo kiunoni mwangu. Hakuharakisha.

"Tulimuona. Anakula ndagala. Amesema mukimbie, yeye atafika."

Jioni nilimwomba Syntiche daftari lile. Nilinakili namba yake kwenye langu, mia na tisini, kwenye majani, kupanda, na kando yake nikaandika jina la aliyepima.