Dirisha la Chumbani kwa Mama Mkwe

Katika familia ile madirisha yale yaliitwa matumbo. Yalikuwa mawili, moja la sebuleni na jingine juu yake, chumbani kwa mwenye nyumba, na yote yalitokeza nje ya ukuta kwa pande tatu, kama mjamzito aliyesimama mlangoni akitazama nani anapita. Ndani ya tumbo la chini kulikuwa na kikalio cha mbao chenye mto, na juu ya mto huo, mchana kutwa, aliketi mama mkwe wa fundi. Alikuwa mshonaji maisha yake yote. Siku hizi macho na vidole vilikwisha kustaafu, lakini ulimi ulikuwa bado kazini.

Fundi mwenyewe kazi yake ilikuwa madirisha. Aliyaunda karakanani, akayabeba, akayapachika, na katika kazi hiyo alikuwa na jina. Watu walisema fremu yake huingia ukutani kama mguu kwenye soksi. Lakini tangu aoe hakuwahi kufanya kazi katika nyumba ile, kwa sababu mama mkwe hakupenda kumtumikisha mkwe, na mkwe hakupenda aonekane anajipendekeza. Heshima ilikuwa tele baina yao. Ilikuwa tele mno, na ndiyo iliyoleta mkasa wote huu.

Aliyeanza ni Mkurugenzi. Huyo alikuwa kaka mkubwa wa mkewe, mtu wa ofisini, na jina hilo alipewa na wadogo zake tangu utotoni, maana hata walipocheza kujificha yeye ndiye aliyepanga nani ajifiche wapi. Hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mama yake kama wanavyopenda watu wenye shughuli nyingi, yaani kwa kutoa maagizo. Jumapili moja alibonyeza fremu ya dirisha la sebuleni kwa kidole, na kidole kikazama kama kwenye sabuni iliyolowa.

"Mama, nyumba hii imeoza," alisema. "Upepo unaingia, mvua inaingia, kesho ataingia mwizi. Njoo ukae kwangu."

"Kwako nitakaa nikiangalia nini? Dirisha lako linatazamana na ukuta wa jirani. Mpaka leo sijui kama jirani mwenyewe yupo."

"Basi haya madirisha yabadilishwe. Yakiwa mazima, utakaa. Ila tuelewane, mama. Siku utakaposhindwa kupanda ngazi kwenda kulala, siku hiyo tunafunga virago na nyumba tunaiuza. Sitaki kupigiwa simu kwamba umeanguka."

"Ngazi hizi nazipanda tangu hujazaliwa," mama mkwe alijibu. "Aliyekuwa akianguka ni wewe."

Wakacheka wote, na kazi akapewa fundi.

Siku ya kupima alifika asubuhi na futi yake ya chuma, pima maji na penseli sikioni. Tumbo la chini alilipima mara tatu, huku mama mkwe amehamia kwenye kochi kumpisha. Kisha akatazama ngazi.

"Huko juu ni chumbani kwangu, baba," mama mkwe alisema kwa upole.

Hiyo ilitosha. Mkwe wa kiume aingie chumba anacholala mama mkwe, akanyage penye viatu vyake, aone kanga zake? Fundi alihisi masikio yanapata moto kwa kuwaza tu. Akatoka nje na ngazi yake ndefu, akaiegemeza ukutani, akapanda vipago viwili, halafu akakiona kichwa chake kama majirani watakavyokiona, kikichungulia dirishani kwa mama wa mkewe. Akashuka upesi. Mkewe angeweza kumpimia, ila mkewe aliwahi kumpimia nafasi ya kabati, na kabati hilo mpaka leo liko uani limefunikwa gunia.

Akarudi nyuma hatua kadhaa akayatazama matumbo yote mawili. Yalifanana kama mapacha: mbao zile zile za urembo, upana ule ule, hata rangi ilibanduka pale pale. Akaandika kipimo kimoja kwa madirisha mawili, na fundi aliyewafukuza watu kazini kwa kosa hilohilo akaenda nyumbani akala vizuri, akalala.

Siku ya kupachika, dirisha la chini liliingia bila kelele. Mama mkwe alilifungua, akalifunga, akalifungua tena. Bawaba hazikulia.

"Sasa upepo utalazimika kubisha hodi," alisema, akarudi kwenye kikalio chake. Fundi alijisikia raha kuliko alivyotaka kuonyesha.

"La juu nitalifanyia kutoka nje, mama. Nimeshafunga jukwaa."

"Vizuri sana. Na pazia liache kama lilivyo."

Akapanda jukwaani. Fremu za zamani hazikung'oka, zilimomonyoka, akazishusha vipande vipande kwenye ndoo. Pazia zito halikutikisika. Alipobandua mbao za urembo ndipo alipoziona nguzo mbili nene zilizosimama ndani yake, zimebeba paa la tumbo lile, kitu ambacho tumbo la chini halikuwa nacho kwa sababu halikubeba paa. Kila nguzo ilikuwa imekula sehemu ya nafasi. Fundi alijua tayari, ila mkono haukukubali. Akaipandisha fremu ya kati kwa kamba na kapi, akaisogeza, ikagoma. Akaigeuza upande wa pili. Ikagoma vilevile, na ingegoma hata kama angeiimbia.

Akaketi juu ya ubao wa jukwaa. Aliona aibu, aibu ya kweli. Mbele yake palikuwa na tundu la ukubwa wa mlango katika nyumba ambayo shemeji yake alitafuta sababu ya kuiuza, na shemeji huyo alikuwa aje alasiri, pamoja na mkewe fundi, kuona kazi iliyokwisha. Mawingu nayo yalikuwa yanakusanyika, na turubai halishiki vizuri ila ulipigilie kutoka ndani.

"Mama," aliita kutoka juu. "Itabidi niingie."

Sauti ya mama mkwe ikapanda kutoka chini.

"Huwezi kufanyia hapo nje?"

"Siwezi, mama. Mvua inakuja."

"Basi ingia. Ila ukishuka, pitia kwangu kwanza kabla hujaongea na mtu."

Fundi akasogeza pazia, akavuka, akakanyaga sakafu ya chumba alichokiogopa. Alikusudia asitazame kitu chochote. Lakini mtu wa randa na msumeno analijua vumbi, analijua la leo na analijua la miezi, na vumbi lililokuwa pale halikuwa la kazi yake. Lilikuwa sakafuni kote, laini, na nyayo zilizokuwamo ni zake peke yake. Lilikuwa juu ya ndara mbili zilizopangwa kando ya kitanda. Lilikuwa juu ya shuka la kitanda kilichotandikwa vizuri sana, na juu ya mto ambao hakuna kichwa kilichoulalia kwa muda mrefu.

Akakumbuka blanketi lililokunjwa nyuma ya kochi la sebuleni. Alidhani ni la wageni. Akalikumbuka na kochi lenyewe, fupi hata kwa mtoto wa shule. Mama wa watu alikuwa akilala pale, magoti kidevuni, ili nyumba isiuzwe.

Alipigilia turubai, akapima upya alichopaswa kupima mwanzo, kisha akashuka kwa ngazi za ndani. Mkono wake ulipopita juu ya reli ya ngazi ulitoka mweusi.

Mama mkwe alikuwa kwenye kikalio, ameutazama mtaa.

"Umeona," alisema.

"Nimeona, mama."

"Ni magoti. Kufika kipago cha tatu yanakataa, na mimi si mtu wa kutambaa nyumbani kwangu."

"Hata binti yako hujamwambia?"

"Nimwambie ili iweje? Atamwambia kaka yake, tena kwa wema kabisa, na kaka yake kwa wema huohuo atanipeleka nikaangalie ukuta." Akavuta pumzi. "Wema wao siukatai, baba. Nakataa tu kuondolewa hapa nilipoketi."

Fundi aliwaza kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, lakini methali nyingine humwambii mama mkwe.

"Na wewe je? Nimesikia huko juu unagonga, unanyamaza, unagonga."

"Nimekosea kipimo, mama. La juu sikulipima. Nilidhani ni sawa na la chini."

"Wewe? Hukupima? Kwa nini?"

"Si ni chumbani kwako."

Mama mkwe alimtazama. Mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Mimi nakuzuia usione, kumbe na wewe umejizuia usionekane. Heshima imetuponza wote wawili." Kisha akasema, "Sisi washonaji nguo ikimbana mteja, tulimwambia amenenepa."

"Nyumba haitakubali, mama."

Wote wawili wakasikia gari linasimama nje.

Mkurugenzi aliingia na dada yake, ambaye ndiye mke wa fundi, na hata kabla ya salamu alikuwa ameshaliona turubai likipigapiga kule juu. "Shemeji, hilo nini? Nilidhani leo tunasherehekea."

Fundi alikuwa na njia mbili za wazi. Angeweza kusema kwamba fremu ya kati itapunguzwa, kazi ya siku mbili, mambo yaishe, na mama mkwe aendelee kujikunja kwenye kochi na kudanganya mpaka mifupa imfichue. Au angeweza kusema alichokiona, na nyumba iende. Alimtazama mama mkwe, akaona mikono yake imeshikana mapajani kama ya mtu anayesubiri kusomewa hukumu. Fundi hakuwahi kuiona mikono hiyo ikiwa na hofu.

"Nimeharibu, shemeji," alisema. "La juu sikulipima. Nimetengeneza kwa kukisia, fremu imegoma, na chumba kiko wazi. Hakilaliki. Naomba unisaidie tushushe kitanda cha mama, tukiweke hapa sebuleni karibu na dirisha hili jipya."

Hakusema uongo hata neno moja, jambo ambalo lilimshangaza yeye mwenyewe.

"Hukupima?" mkewe akauliza. "Wewe? Hata banda la kuku ulilipima mara nne."

"Siku hiyo sikupima."

"Fundi wa kukisia," Mkurugenzi alisema, na ungeona wazi kwamba ameipata hadithi ya kusimulia kwenye kila harusi mpaka wazeeke. "Jina lote hilo mjini, kumbe anapima kwa jicho. Basi twende, kumbe si nyumba peke yake, hata ukoo umeoza."

Akavua koti, akakunja mikono ya shati, akapanda mbele. Fundi alimfuata na bisibisi. Walilegeza miguu ya kitanda, kisha Mkurugenzi akakamata godoro na kulinyanyua kwa nguvu za mtu anayetaka kumaliza, na vumbi likainuka kama moshi. Akapiga chafya. Akapiga nyingine. Aliangalia viganja vyake, akaziangalia ndara kando ya kitanda, akaangalia sakafu yenye nyayo za mtu mmoja tu. Halafu akamwangalia shemeji yake, ambaye alikuwa ameinama akitafuta skrubu ambayo haikupotea.

Waliteremsha kitanda kwa hatua ndogondogo, mmoja mbele, mwingine nyuma, wakipumzika kila kona. Waliunga miguu yake chini, kichwa kikaelekea dirishani, na binti akakung'uta shuka uani kwa muda mrefu kuliko shuka linavyostahili. Mama mkwe alijilaza na nguo zake za mchana, akanyoosha miguu polepole, wa kwanza, kisha wa pili, mpaka ikafika mwisho. Macho yakafumba yenyewe.

"Hapa naona barabara yote," alisema, macho yakiwa bado yamefumba.

Mvua ilipoanza, Mkurugenzi alivaa koti lake. Fundi alimsindikiza hadi mlangoni, kama inavyopasa, akijiandaa kwa dhihaka nyingine. Haikuja. Shemeji yake alisimama kizingitini, akijipangusa vumbi kwenye mkono wa shati, na sauti aliyoitoa haikuwa ile ya maagizo.

"Hilo dirisha la juu, shemeji. Litachukua muda gani?"

"Ukweli, kama nikikazana, siku mbi—"

"Usikazane."

Akageuka akamtazama mama yake aliyelala amenyooka, akamtazama kwa muda.

"Hata mwaka," alisema. "Mimi nitawaambia watu wewe ni mvivu."