Skrini Waliyoisifu Wote

Skrini mpya ya kompyuta ilifika mjini Ruse Jumanne, na kufikia Ijumaa Nevena alikuwa amesadiki kwamba macho yake yanamwacha.

Alikuwa mfamasia wa miaka thelathini na saba, na kwa miaka sita alikuwa akicheza mchezo wa vita kwenye kompyuta pamoja na Plamen na Boyko. Sasa timu yao ilikuwa imefuzu kwa mara ya kwanza. Jumapili walitakiwa mji mkuu, Sofia, kushindana jukwaani mbele za watu. Kiongozi wao, Plamen, alikuwa amemhubiria mwaka mzima. Kadi ya michoro ndani ya kompyuta ya Nevena, alisema, inaweza kutoa picha mia mbili na arobaini kwa sekunde, na kuiunganisha na skrini kuukuu inayoonyesha sitini tu ni kumfunga farasi wa mbio kwenye mkokoteni. Plamen mwenyewe alikuwa na skrini ya mia mbili na arobaini, na kila alipomlenga mtu mchezoni akampata, aliitaja. Nevena akaacha likizo yake ya baharini, akanunua.

Kwao mtu akipata kitu kipya, hata jiko la mtumba, hana budi kuwaalika watu, na waalikwa hawana budi kukisifu. Plamen na Boyko wakaja Jumatano. Wakanywa rakia, pombe kali ya matunda aliyoipika mzee Spas, babake Nevena, wakala banitsa, andazi la tabaka lenye jibini, mpaka sinia likabaki na makombo, kisha wakasimama nyuma ya kiti cha Nevena akicheza.

"Si nilikwambia?" alisema Plamen. "Laini kama siagi. Kama ya kwangu kabisa."

Boyko akala kiapo kwamba hata vivuli vinakwenda tofauti. Nevena akatazama, akatazama tena. Aliona mchezo ule ule wa siku zote. Akasema ni kweli, tofauti ni kubwa mno, akawaongezea rakia.

Walipoondoka alirudisha skrini ya zamani, akacheza, akaweka mpya, akacheza. Hakuona kitu. Alhamisi aliomba ruhusa kazini akaenda kwa daktari wa macho, naye akampima na kumwambia macho yake ni mazima. Hapo ndipo kichwa kilipomzunguka hasa. Kama macho ni mazima, kilichoharibika ni nini, ubongo? Boyko anavaa miwani minene kama vitako vya chupa, na ameona. Yeye haoni.

Aibu ikamshika. Alijiona akikosea jukwaani na wenzake wakibeba mzigo wake. Basi Ijumaa mchana akamwandikia Plamen kwa simu kwamba amwingize timuni shemeji wa Boyko mahali pake, kwa kuwa yeye macho hayafai tena. Plamen hakujibu. Nevena akalaza simu kifudifudi mezani, akalia sana.

Mzee Spas alimkuta katika hali hiyo. Alikuwa ametengeneza televisheni za watu miaka thelathini, na michezo hiyo aliiona upuuzi mtupu, lakini machozi ya binti yake hakuyaweza. Akavuta kiti, akasikiliza kisa chote huku akibangua mbegu za maboga.

"Kwamba skrini inaweza mia mbili na arobaini, hilo nimelisikia," alisema. "Sasa inapewa picha ngapi?"

"Si kadi inatoa hizo hizo, baba."

"Sijakuuliza kadi inaweza nini. Wewe unaweza kupika vizuri sana, na leo tumekula mkate mkavu. Nauliza inapewa ngapi, hivi tunavyoongea."

Nevena hakujua. Haikuwahi kumpitia akilini kwamba hilo ni jambo la kuulizwa. Akafungua mipangilio ya kompyuta, akatafuta sehemu ya skrini, akashuka mpaka chini kabisa. Palikuwa na namba moja: sitini. Aliisoma mara tatu. Kompyuta ilikuwa ikiilisha skrini mpya chakula cha ile ya zamani, na hakuna aliyeiambia vinginevyo. Akachagua mia mbili na arobaini. Skrini ikazimika, ikawaka, naye akasogeza kipanya.

Mshale ukateleza. Haukurukaruka, uliteleza, na aliuona wazi kama anavyouona mkono wake. Nevena akacheka na machozi bado mashavuni. Kisha akaukumbuka ule ujumbe aliomwandikia Plamen, na furaha ikamwisha. Akampigia, akamweleza yote kwa pumzi moja.

"Sasa Jumatano mliona nini?" akamuuliza.

"Boyko sijui," alisema Plamen taratibu. "Mimi niliona kama ninavyoona kwangu."

Nevena akaitazama tena ile namba kwenye mipangilio.

"Plamen," alisema Nevena, "ya kwako inapewa ngapi?"

Akasikia kipanya kikibonyezwa, mara moja, mara mbili. Halafu akamsikia Plamen akijisomea kwa sauti ya chini: sitini.

"Mwaka mzima, Neve," alisema Plamen, kwa sauti ya mtu aliyekalishwa chini. Akakohoa. "Sikiliza. Jina lako sijalifuta kwenye orodha. Treni ni kesho saa moja asubuhi, usichelewe. Na haya Boyko asiyajue."

Nevena akaahidi. Boyko, aliyeona mpaka vivuli, hajui hadi leo.