Shangazi Amepita

Watu wakija kumwona baba, huwa wanaanza na gari.

Geti likifunguliwa tu, mgeni anasahau mfuko wa matunda mkononi. Anaizunguka pikapu, anagonga boneti kwa vidole, anainama kuchungulia chini mpaka shati linachomoka kwenye suruali. "Aisee! Hiki ndicho chuma. Siku hizi hawatengenezi tena vitu kama hivi." Halafu anaingia ndani kwa baba, ambaye naye hawatengenezi tena wa hivyo, anakaa kwenye ncha ya kiti, anasema pole mzee, utapona tu, na kiti hakijapata hata joto ananigeukia mimi: "Hivi ile pikapu mnauza?"

Baba alipigwa na kiharusi akiwa anapiga mswaki. Upande wa kushoto wote ukagoma, mdomo ukapinda, maneno yakawa yanatoka moja moja kama watu wanaoshuka ngazi gizani. Pikapu yenyewe ilikuwa na umri mkubwa kuliko ndoa zote za mtaani kwetu na haijawahi kugoma. Wajapani walioiunda nadhani wameshastaafu wote, wamekaa huko kwao na wajukuu, hawana habari kwamba kuna mtu bado anawashukuru kila asubuhi.

Pikapu hiyo tuliiita Shangazi, kwa sababu asubuhi lazima alalamike kwanza. Anakohoa, anatema moshi, anatikisika mwili mzima kama mtu aliyeletewa umbea wa kumuudhi. Akishamaliza, mpe mzigo wowote. Saruji, nondo, mabati, tangi la maji, kabati la bibi harusi na bibi harusi mwenyewe amelikalia. Mlango wa dereva unaunyanyua kwanza ndipo unauvuta. Kioo kinashikiliwa na kipande cha mti. Honi ni nyaya mbili, unazigusanisha, inalia kama mbuzi aliyekanyagwa. Kiti kilishabonyea umbo la baba, na nilipochukua usukani mimi ilibidi niweke mto, maana nilizama mpaka watu walidhani gari inajiendesha yenyewe.

Nilikuwa nabeba mizigo ya duka la vifaa vya ujenzi, napeleka kwenye nyumba zinazojengwa. Mwanzoni wale wapakiaji walinicheka. "Leo mzee katuletea mrembo? Nani atashusha saruji?" Nilishusha. Wakaacha kucheka, wakaanza kuniita Dereva. Humo ndimo kilimotoka chakula chetu, dawa za baba, na cha kumshika mkono mama jirani aliyekuwa anakaa naye mchana. Hakukuwa na mfuko mwingine.

Jioni nikikata kona ya mwisho, baba alimsikia Shangazi kabla mbwa hawajamsikia. Mama jirani aliniambia hata redio iwe juu vipi, mzee ananyanyua mkono wake wa kulia kuelekea getini. "Amerudi. Mfungulie." Kwa baba wa sasa, hiyo ni hotuba.

Kaka yangu ni mtu wa pasi. Shati lake likikunjika, yeye anaumwa. Mtaani wanamwita Mheshimiwa, kwa sababu hata akiomba chumvi anaanza na "ndugu zangu". Na kadi ya gari ina jina lake. Baba alipoinunua alisema jina la mtoto wa kiume linakaa vizuri kwenye kadi. Aliyasema hayo ameinama kwenye injini, na aliyekuwa anammulikia tochi ni mimi.

Ijumaa jioni Mheshimiwa akaja, akapangusa kiti kwa leso, akakaa.

"Ndugu zangu," akasema. Tulikuwa mimi na yeye tu, baba amelala. "Nimepata mteja wa pikapu. Anakuja kesho asubuhi."

"Pikapu gani?"

"Mdogo wangu, usianze."

"Sijaanza, kaka. Nauliza, maana hapa ipo moja tu na mimi ndiye naiendesha."

"Ni kwa ajili ya mzee. Matibabu. Unataka mzee apone, au unataka kuchezea usukani?"

"Dawa alizokunywa mchana zimetoka kwenye mchezo huohuo."

"Mtoto wa kike anabeba nondo mjini! Watu wananiuliza mimi."

"Waambie wakija waje na glovu."

Hakucheka. Kaka akicheka nadhani shati linakunjika. "Kesho asubuhi," akasema. "Na uioshe."

Sikuiosha. Kwenye nyumba hii mimi ndiye niliyekuwa naweka chumvi kwenye kopo la sukari wageni wakija, kwa hiyo kipaji nilikuwa nacho. Kulipopambazuka nikaenda kwa Shangazi, nikamwomba radhi, nikaanza kazi. Nililegeza waya wa plagi moja ili akohoe zaidi ya kawaida yake. Nikalegeza ekzosi. Nikamwaga oili chakavu chini ya injini, dimbwi zuri kabisa. Kutu ya mlangoni nikaichokonoa na bisibisi mpaka ungeweza kupitisha kidole. Mwisho nikafungua kofia ya gurudumu la mbele, nikatia nati za kujaza ngumi, nikafunga.

Halafu nikavuka barabara kwenda kwa Fundi, ambaye gereji yake inatazamana na geti letu. Alikuwa chini ya gari ya mtu, miguu tu inaonekana.

"Fundi, akija mtu kukuuliza habari za Shangazi, mwambie injini imekwisha."

Miguu ikaacha kutikisika. "Niseme injini ile imekwisha?"

"Eeh."

"Mbele za watu?"

"Fundi, nakuomba."

"Dereva, niombe nimseme mama yangu vibaya, hilo nitalifikiria."

"Basi nyamaza tu. Usiseme lolote."

"Kunyamaza naweza," miguu ikajibu.

Mteja mwenyewe hakuwa na mbwembwe. Mtu wa kufyatua tofali, ana ndala, vumbi la saruji mpaka masikioni, njiti ya kiberiti kwenye kona ya mdomo. Kaka alimtangulia kwa tabasamu, akaliona dimbwi, tabasamu likafia hapohapo.

"Jana haikuwa hivi," akasema.

"Uzee, kaka," nikamwambia. "Unakuja ghafla."

Mtu wa tofali akachuchumaa, akachovya kidole, akanusa. "Inavuja."

"Vibaya mno," nikadakia. "Mimi natembea na ndoo."

"Safi. Ikivuja ujue imo. Gari isiyovuja mimi naiogopa, sijui inaficha nini."

Akaniomba niwashe. Nikawasha. Shangazi akalia kama mabati yanayoburutwa barabarani, kuku wa jirani wakaruka ukuta, kaka akaziba masikio. Mtu wa tofali yeye alifumba macho, kichwa ameinamisha pembeni, kama anasikiliza kwaya. Kisha akafungua boneti, akapapasa, akakandamiza waya wa plagi kwa vidole viwili. Tak. Shangazi akatulia, akaanza kuunguruma kwa adabu zake zote. Nilitamani kumpiga teke. Ndugu yako wa damu asingekusaliti haraka namna ile. Ingawa wa kwangu naye alikuwa amesimama palepale.

Mtu wa tofali akaiendesha mpaka mwisho wa barabara na kurudi. Gurudumu likawa linagonga kama mtu anapiga mlango wa choo. Akashuka, akaomba bisibisi, akafungua kofia. Nati zikamwagika. Aliziokota zote, akazifuta kwenye suruali, akanimiminia kiganjani.

"Shika njugu zako, binti."

"Ni wewe?" Kaka alikuwa amewiva. "Ni wewe umefanya huu upuuzi?"

"Mwache, usimgombeze," mtu wa tofali akasema, na alikuwa anacheka kwa dhati. "Mimi nimezunguka mji mzima. Naonyeshwa pikapu zimepigwa rangi, viti vipya, ndani wamepulizia manukato. Zote nimezikimbia. Rangi mpya ni blanketi, hujui kimelala nini ndani. Sasa hii mtu ameamka asubuhi kuichafua! Mtu hahangaiki hivyo kwa gari bovu. Nilikuja kuangalia tu, bwana. Sasa naichukua."

Hapo utani ukaniishia. Nilisimama mbele ya boneti na nati zangu mkononi.

"Mzee wangu," nikamwambia, "hii ndiyo kazi yangu. Ukiondoka nayo, Jumatatu sina pa kwenda. Na yule mzee mle ndani hana mwingine."

Aliitoa ile njiti mdomoni. "Nimekuelewa, binti. Kadi ina jina la nani?"

Nikamtazama kaka. Kaka akatazama viatu vyake, vilivyokuwa safi.

"La huyu."

"Basi mimi na wewe hatuna ugomvi."

Alilisema kwa upole. Afadhali angenitukana. Kisha akamgeukia kaka na kuanza kumpunguzia bei, kwa kutaja makosa: ekzosi, tundu la mlangoni, plagi, oili chini. Yote kazi ya mikono yangu. Kila nilichokiharibu kikapunguza kitu kwenye matibabu ya baba, na kaka, kwa kuogopa mteja asigeuze mawazo, akawa anaitikia tu kama mtu anayesinzia.

Nilienda kuchukua mto wangu. Niliporudi, mtu wa tofali alikuwa anaung'ang'ania mlango, anauvuta kwa nguvu, na Shangazi analia.

"Unyanyue kwanza," nikamwambia. "Ndipo uvute."

Sijui kwa nini nilimwambia. Sikuweza kuangalia akivutwa vile.

Pikapu ilipopotea kwenye kona, Fundi alikuwa amesimama mlangoni mwa gereji yake, anafuta mikono kwa tambara ambalo lilikuwa chafu kuliko mikono.

"Dereva. Ulikuwa unataka mteja akimbie?"

"Wewe ulidhani nataka nini, Fundi?"

"Ungempiga Shangazi rangi. Hata brashi moja tu ya rangi nyekundu. Yule asingevuka hata geti."

"Sasa si ungeniambia!"

"Uliniambia ninyamaze."

Matibabu yalikuja Jumatano, yamefungwa kwenye plastiki. Kiti cha magurudumu. Kaka alikikunjua katikati ya sebule, akakisukuma mbele na nyuma. "Sasa mzee naye ana gari lake," akasema, akacheka. Kumbe anacheka. Nilimuuliza pesa zilizobaki ziko wapi, akasema zipo kwenye mipango, akatazama saa, akaenda kwenye mipango.

Kabla mwezi haujaisha, gurudumu la mbele la kile kiti likakwama. Nilikipeleka kwa Fundi. Alikipindua, akakigeuza, akakigonga kidogo kwa heshima. "Hiki hakina spea," akasema. "Hiki kikifa kimekufa." Tukakisimamisha nyuma ya mlango, kaka akija anatundika koti lake.

Mama jirani haji tena mchana, sina cha kumpa, na sina sababu ya kumwita, nipo nyumbani siku nzima. Dukani nilienda. Wapakiaji walinipokea vizuri, wakanipa benchi nikae. "Dereva, ukipata gari urudi," wakasema. Wakati huo Shangazi alikuwa anarudi nyuma kuelekea stoo, anakuja kupakia saruji, na mtu wa tofali kichwa nje ya dirisha. Alinipungia. Mizigo yangu ya zamani sasa anabeba yeye, na tofali zake juu.

Ameitengeneza ekzosi, ameziba tundu la mlango. Kikohozi amekiacha. Nilimsikia anamwambia mtu kwamba kikohozi ndicho kinamwonyesha kuwa injini iko hai.

Anapita kwetu kila jioni, ndiyo njia yake.

Jana nilikuwa namlisha baba supu, kijiko kwa kijiko, kitambaa kidevuni. Redio inaongea. Mimi sikusikia kitu. Yeye akasitisha kumeza, mkono wa kulia ukanyanyuka taratibu kuelekea getini.

"Amerudi."

"Nani amerudi, baba?"

Alinitazama sana. Alinitazama kama unavyomtazama muuguzi wa zamu mpya, mtu mwema tu usiyemjua.

"Dada yako," akasema. "Mfungulie."

Mimi sina dada; aliyekuwa anarudi na Shangazi jioni ni mimi. Niliweka bakuli chini, nikatoka, nikafungua geti lote, pande zote mbili, kama alivyotaka. Shangazi akakata kona, amejaa tofali mpaka juu, anakohoa. Mtu wa tofali aliniona nimesimama, akadhani namsalimia, akagusanisha zile nyaya. Mbuzi akalia. Akapita.

Nikafunga. Niliporudi ndani mkono wa baba ulikuwa bado uko juu, na macho yake yalinipita, yakabaki mlangoni.