Jani Lililochelewa

Saa nne kamili asubuhi Aikande, katibu wa ushirika wa maziwa pale Mwika, alibandika selotepu kwenye mdomo wa sanduku la zabuni, akaandika saa na kusaini juu yake. Ndani mlikuwa na bahasha mbili. Moja ya Tejinder, mfanyabiashara wa Moshi mjini, aliyefika tangu saa mbili akakalia ndoo iliyopinduliwa mpaka suruali ikapigwa chapa ya duara. Nyingine ya Stella wa Bomang'ombe, aliyekuja kwa pikipiki, tope hadi magotini.

Ushirika ulitafuta tangi la kupozea maziwa. Lile la zamani walimpa zabuni "mtu wetu", na mtu wetu akawaletea tangi lenye kila kitu isipokuwa baridi. Siku lilipokufa, Aikande ndiye aliyeshika ndoo akamwaga maziwa ya watu mferejini, akina mama wamesimama wanamtazama. Mwaka ule migomba ya chini ya mfereji ilinenepa. Watoto hawakunenepa.

Saa nne na dakika kumi na saba baba yake mdogo, Ndelilio, muuza matangi na yeye, aliingia uani anahema, bahasha mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Lori la ndizi limelala barabarani, tumekwama wote. Hebu fungua hilo sanduku."

"Limeshafungwa, baba."

"Aikande, hiyo ni selotepu. Si kaburi."

Watu wakacheka, hata akina mama waliokuwa wakisubiri na madumu yao ya maziwa. Aikande naye akacheka, maana utani wa baba mdogo ulikuwa mtamu siku zote. Lakini selotepu hakuigusa.

Mwenyekiti, Mzee Eliezeri, akamvuta kando. "Dakika kumi na saba tu! Tena ni baba yako. Na mkataba wako wa kazi, nadhani hujasahau, nausaini Ijumaa."

"Sijasahau, mwenyekiti. Hata kalamu nimeshakutafutia."

Wakati huo Ndelilio alikuwa ameshafika kwenye ua wa mimea ya isale unaozunguka ofisi. Alichuma jani moja refu, akalifunga fundo, akarudi nalo taratibu, kofia mkononi. Uani watu wakainuka. Anayekuletea isale anaomba radhi, na Mchagga aliyelelewa hakatai. Ndugu waliokatana mapanga wamekaa meza moja kwa jani hilo. Hata Tejinder, mzaliwa wa Moshi, aliinuka kwenye ndoo yake.

Aikande alimtazama baba yake mdogo. Mtu huyu alimbeba mgongoni hadi zahanati, usiku wa mvua, alipougua surua. Kulikataa jani ni kuutemea mate ukoo mzima. Kulipokea, kwa macho yale yote yaliyomkodolea, ni kufungua sanduku.

Akalipokea kwa mikono miwili.

"Nimekusamehe, baba. Kwa moyo wangu wote."

Ndelilio akashusha pumzi, akanyoosha bahasha.

"Hiyo baki nayo."

"Si umepokea isale?"

"Nimepokea. Mimi na wewe tumemaliza, na Jumapili nakuja kula mtori. Lakini hukunikosea mimi peke yangu, baba. Hawa ndio waliowahi. Huyu amekalia ndoo tangu saa mbili, huyu ameanguka na pikipiki mara mbili. Kawaombe wao. Ua ule pale, majani bado yapo."

"Mimi nasamehe hata bila jani, Meku, mzee wangu," Tejinder akadakia. "Ila bahasha ipumzike kwako."

"Mimi nipeni maji ya kunawa tu," akasema Stella.

"Unamwaibisha baba yako kwa ajili ya selotepu!" Mzee Eliezeri alifoka.

"Nikimfungulia baba yangu leo, mwenyekiti, kesho shemeji yako naye atakuja na jani. Ua utabaki vijiti, na mimi nitarudi mferejini na ndoo. Ijumaa usisaini. Leo ni Jumanne, na katibu ni mimi."

Akafungua daftari, akaandika: *Imechelewa, saa 4:17, imerudishwa bila kufunguliwa.* Akamgeuzia baba mdogo. Ndelilio akasaini kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka.

"Mkaidi kama mama yako," alisema. "Jumapili usichelewe. Mtori wangu nao una selotepu."

Aikande aliliweka jani juu ya meza. Mlangoni ilikuwa bado imebandikwa, wiki ya tatu sasa, karatasi ya alama za kumpata mshindi: bei, dhamana, fundi kufika ndani ya siku moja. Undugu haukuandikwa popote. Akaichana selotepu.

"Bahasha ya kwanza!" Alipaza sauti mpaka ng'ombe wa jirani akaitikia. Mzee Eliezeri alikuwa ameshafika getini.

"Mwenyekiti, rudi. Bila wewe akidi haitimii, na maziwa ya jioni hayasubiri."

Mzee akasimama. Akatazama nyuma, akina mama na madumu yao wakimtazama yeye sasa. Akarudi. Nafasi iliyobaki ilikuwa ile ndoo ya Tejinder, akaikalia.